Mshenga wa Barua za Kazi

Ukifika Mkuyuni ukauliza fundi makochi, utaonyeshwa mafundi wengi, na Mzee Deodatus Mutayoba huenda asiwemo. Uliza mshenga. Hapo hata muuza nyanya ataacha mizani yake akusindikize, maana kila mtu ana ndugu aliyeoa kwa barua ya yule mzee.

Anashona makochi chini ya turubai la bluu, kando ya barabara, misumari midogo ameibana midomoni kama meno ya akiba. Ukimpa shikamoo anakuitikia kwa kichwa, kwa sababu akifungua mdomo kazi ya asubuhi nzima itamwagika. Lakini mwambie kijana wako amempenda binti wa watu. Ataitema misumari yote kiganjani, atapangusa kochi la mteja kwa mkono wa shati, na atakuambia, "Kaa. Tuanze na mama wa binti. Anapenda nini?"

Kwao ni Muleba. Barua yake ya kwanza ya posa aliiandika kwa ajili yake mwenyewe, kumwomba Bernadetta, ambaye leo ni mke wake na ndiye anayetusimulia, tena mbele yake.

"Kurasa mbili, na zote zinamhusu yeye," mama Bernadetta husema. "Urefu wake, shule yake, migomba ya baba yake. Baba yangu akauliza, huyu anataka mke au anataka kura?"

Akakataliwa. Akaandika ya pili, nusu ukurasa, akasifu kisima cha wakwe na namna binti yao anavyoitikia wazee. Akakubaliwa. Tangu siku hiyo anashikilia kwamba barua ya kuomba lazima imtazame anayeisoma, na hajakosa binti hata mmoja.

Mimi ni mmoja wa aliowaposea. Naitwa Masalu, Msukuma wa Magu, na maneno yangu hayatoki. Si kigugumizi. Maneno yapo, yamejipanga vizuri, lakini yanasubiriana mlangoni. Nilimpenda Suzana mwaka mzima kwa kununua chumvi dukani kwa baba yake, pale Busisi, chumvi ambayo sikuwa na kazi nayo. Mzee Deo alikuja kushona makochi ya jirani yangu, akaingia kwangu kuomba maji, akaona mifuko ya chumvi imefika dirishani, akauliza, "Binti wa duka anaitwa nani?" Mengine aliyafanya yeye. Mpaka leo, nina mvi na mtoto yuko sekondari, bado ananiita bwana harusi.

Pale Busisi nilikuwa nakaanga sato kwa watu waliongoja kivuko. Ilikuwa kazi inayonifaa kabisa. Foleni ilikuwepo, harufu ilitangaza, mimi nageuza samaki tu. Daraja la kuvukia ziwa lilipofunguliwa nilifurahi kama wengine, nikalitembea lote kwa miguu, nikapiga picha na mke wangu. Asubuhi iliyofuata nikawasha moto kama kawaida. Magari yakapita juu yangu, na abiria wakanipungia mikono kwa furaha.

Tukahamia Mkuyuni. Suzana akapata meza sokoni, na kwa sababu yeye maneno yake hayasubiriani, biashara ikamkubali. Binti yetu Odeta akapata shule ya karibu. Mimi nikabaki nafagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Ndipo kaka yangu Elias akaanza kupiga simu kutoka Magu. Elias ana mashamba ya mpunga na anaongea kwa niaba yetu sote wawili.

"Njoo ulime," alisema. "Mkeo abaki huko na meza yake. Utawaona Krismasi."

Sikutaka kuwaona Krismasi. Nilitaka kuwaona jioni. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, na mtu mzima hawezi kufagia chumba milele. Suzana akanishika mkono wa shati akanipeleka chini ya turubai la bluu.

"Shikamoo mzee."

Mzee Deo akatema misumari. "Marahaba mama Odeta. Bwana harusi hajambo?"

"Hajambo, ila nataka umposee tena."

Mzee akanitazama, akamtazama Suzana, akatazama kama kuna watu wanasikia. "Mke wa pili? Na wewe ndiye umemleta?"

"Kazi, mzee. Hawezi kuiomba mwenyewe. Akifika kwa mwajiri atanunua chumvi."

Mzee alicheka mpaka ikabidi ashike kochi. Kisha akakaa sawa, nikaona jambo limemwingia. "Sijawahi kuposa kazi," akasema. "Lakini tofauti iko wapi? Kuna nyumba, kuna wenye nyumba, kuna anayetaka kuingia. Nyumba gani?"

"Mzee," Suzana akasema, "usije ukamsifu sana. Ninyi Wahaya mkishika kalamu mtu anageuka askofu."

"Na ninyi Wasukuma mnaweza kupotelewa na ng'ombe zizi zima, msiseme, mkaona mtawasumbua majirani. Niachie."

Nyumba ya kwanza ilikuwa kampuni ya ulinzi ya Afande Nkwabi, mwanajeshi mstaafu mwenye ofisi nyuma ya soko. Mzee Deo alivaa kanzu na koti, akashika bakora, akaniambia nisimame nje ya ua, kwa sababu bwana harusi hafiki kwenye posa yake mwenyewe. Ukuta ulikuwa wa mabati, nikasikia yote. Afande alisoma kwa sauti.

"'Amani iwe nyumbani kwako. Sisi ni wapita njia. Katika kupita kwetu tumeona boma lililojengwa imara, mbwa wake wana adabu, na lango lake halilii likifunguliwa. Tukaulizana, mwenye boma hili ni nani...' Mzee, nimefika mstari wa sita. Mnaomba kazi au mnaomba maji?"

"Tunakaribia, mkwe."

"Mimi si mkwe wako."

"Bado."

Nikasikia karatasi ikiwekwa mezani. Kisha Afande akasema, "Mlinzi wangu akiona mwizi, ataanza na wapita njia?"

Nikasikia mzee akicheka, akiomba kalamu, akivuta ndoo akaikalia. Aligeuza karatasi akaandika nyuma yake: *Masalu. Halewi. Hasinzii. Anakaa Mkuyuni, atafika kwa miguu.*

"Hii sasa ndiyo barua," Afande akasema. "Mwite."

Nikaitwa. Mwisho wa ua palikuwa na mgomba mmoja. Afande akaniambia mgomba ule ni mwizi, niusimamishe. Nikajaza kifua, nikausimamisha. Afande akaweka kiganja sikioni.

"Ulishasema?"

"Nimesema, afande."

"Mwizi atakuomba urudie," akasema, wala hakuwa na ubaya. Alitupa mkono, akatutolea maji ya baridi kwenye jagi. Njiani mzee akawa anatikisa kichwa. "Kumbe yalikuwa maji," akasema. Lakini alikuwa amejifunza: kazi ya kusimama langoni, barua iwe fupi kama amri.

Nyumba ya pili ilikuwa shule ya masista iliyohitaji mpishi. Mzee alisema kwa masista ufupi ni ukosefu wa adabu, akaandika barua tamu kuliko zote. Hata mama Bernadetta, ambaye hamsifu ovyo, aliisoma mara mbili. Iliimba habari ya ukimya wa ile nyumba, watoto waliochomekea mashati, na mwisho: *Tumeona ua katika bustani yenu. Tunaomba mtupe tulitunze.* Barua ya posa haimtaji binti waziwazi. Kila mzazi anaelewa.

Sista mkuu, mama mzee mwenye miwani minene, alifurahi sana. Aliniita na mimi kutoka nje, akatuongoza mpaka nyuma ya kanisa, akachagua mwenyewe miche mitatu ya waridi iliyopandwa kwenye makopo ya maziwa, akatueleza namna ya kuimwagilia. Mzee hakuweza kumkatisha kwa jinsi alivyokuwa na furaha. Mimi sikuweza kwa sababu ni mimi. Tukashukuru. Tukarudi Mkuyuni tumekumbatia makopo.

Suzana alituona kutoka mbali. Aliinua mkono kama anayesimamisha gari.

"Mlienda kuomba kazi," akasema polepole. "Hii ni kazi gani, inaota?"

Mzee akaeleza. Suzana alijaribu kuvumilia, kisha akakaa juu ya tenga la nyanya, akacheka mpaka wanawake wa meza za jirani wakaja kuuliza nani kafa. "Kosa ni langu," mzee akasema, akishika kopo lake kwa heshima. "Kwenye kazi, ua litajwe jina."

Jumapili hiyo Elias akapiga simu. Mbegu alikuwa amenunua. Chumba changu alikuwa amekipiga chokaa. Nilisema "ndiyo" na "sawa" na "ndiyo", na Suzana, aliyekuwa anapika, hakucheka tena.

Jumatatu mzee alikuja kwetu mwenyewe. Alikuwa amesikia kuna hoteli ndogo kando ya ziwa, inaitwa Mawe Matatu, wanatafuta mpishi msaidizi. "Hii nitaifanya kama binti wa watu," akasema. "Kwanza naenda kuiona nyumba." Akaenda akanywa chai, akarudi. Akaenda tena akanywa chai, akarudi na barua. Alitusomea mimi na Suzana.

*Kwa Meneja wa Mawe Matatu. Tumekaa kwenu tukanywa chai, na kikombe kilikuwa safi mpaka chini. Tumeona wageni wenu wakifurahia upepo wa ziwa, na upepo wameufurahia kuliko samaki. Tunaye kijana wetu, Masalu, wa umri wa kutulia. Amekaanga sato Busisi kwa watu wenye haraka. Hakuna aliyeacha samaki wake kwa sababu ya kivuko, ingawa wapo walioacha kivuko kwa sababu ya samaki. Cheti cha hoteli hana. Anaomba kazi ya mpishi msaidizi. Ua tunalolitaka ni hilo, na tumelitaja.*

"Walioachwa na kivuko walikuwa wangapi?" Suzana akauliza.

"Mmoja," nikasema. "Alikuwa amelala."

"Yupo," mzee akasema, akaikunja barua.

Mimi ule mstari wa upepo ulinikwaza. Nilitaka kumwambia autoe. Maneno yakajipanga, yakasubiriana, na mzee akawa ameshafunga bahasha.

Siku ya kwenda alivaa kanzu iliyopigwa pasi na mama Bernadetta, na mkononi akabeba kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, ile wanayomkaribishia mgeni kwao Kagera. Alinificha nyuma ya jiwe kubwa ufukweni. Nikakaa pale na mjusi mwenye kichwa chekundu aliyekuwa akipiga pushapu, tukatazamana. Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na meneja mwenyewe, dada mmoja wa Musoma anayeitwa Winnie.

Winnie alisoma barua, akalaza kichwa mezani. Akainuka, akasoma tena, akamwita mpishi mkuu, mama Dorcas. Mama Dorcas ni mtu mkubwa kwa kila namna, na alikuja na mwiko wake. Winnie akamsomea. Mama Dorcas akacheka kwenye mstari wa kikombe, akacheka sana. Ilipofika kwenye upepo, akaacha.

"Hapo. Rudia hapo."

Winnie akarudia.

"Nani ameandika?"

Mzee Deo akasimama na bakora yake. "Ni mimi, mama."

"Umekuja kuposa au umekuja kutukana wakwe?"

"Kuposa, mama."

"Nyumba ya ukweni ikivuja, mgeni anasema?"

"Hasemi."

"Mmh?"

Mzee akainamisha kichwa. Mshenga ambaye hajakosa binti hata mmoja alikuwa amevunja kanuni ambayo kila mshenga huanza nayo. "Faini ni yangu," akasema.

Sasa mama Dorcas ameoza mabinti wake wote, kwa hiyo upande wa wakwe anaujua kuliko mtu yeyote pale. Alianza kuhesabu kwa mwiko. Kumtukana samaki. Kuingia na kikapu kupitia mlango wa wageni wakati mlango wa jikoni upo. Kufika peke yake na bakora kama mkusanya kodi. Faini ya yote hayo: beseni la vitunguu, amenye palepale, amekaa juu ya stuli na kanzu yake.

Mzee akamenya. Mama Dorcas akachukua kahawa yake, akawa anatafuna na kumweleza. "Samaki wangu si wabaya, mzee. Niko mmoja. Nikigeuza samaki ugali unaungua. Nikikimbilia ugali, samaki anapoa. Upepo hauna shida hizo, unavuma tu."

"Nimekuelewa, mama," mzee akasema, machozi yanamchuruzika. "Nimekuelewa kabisa."

Mimi nyuma ya jiwe nilisikia kicheko, halafu kimya, halafu kicheko kikubwa zaidi, nikajua barua yetu inapitishwa mkono kwa mkono. Nilikuwa nimeanza kufunga kamba za viatu niondoke nilipomwona mzee anakuja, macho mekundu, mashavu yamelowa. Nikasimama. Sijawahi kumwona mzee yule akilia. Nikamshika bega, mimi, nikamwambia, "Basi, mzee. Umejitahidi. Nitaenda Magu."

"Magu kufanya nini? Unaitwa."

"Na machozi?"

"Vitunguu," akasema, akanisukuma mbele.

Jikoni walikuwa wamejipanga: mama Dorcas katikati, Winnie mlangoni, wahudumu wawili wa kike wenye trei. Nikatoa shikamoo. Mama Dorcas akaitikia, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Barua imesema," akatangaza. "Mshenga amelia. Sasa bwana harusi aseme mwenyewe, sisi tumsikie."

"Kwa desturi, mama, bwana harusi hasemi," mzee akaingilia.

"Desturi ya sebuleni hiyo. Huku ni jikoni."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na mengi. Nilitaka kusema habari ya Busisi, na habari ya Suzana, na kwamba sitaki kuonana na mwanangu Krismasi tu. Yote yakaja mpaka mlangoni, yakasimama, kila moja likilipisha lenzake lipite. Chini palikuwa na ndoo ya sato ambao hawajaparuliwa. Motoni sufuria ya ugali ilikuwa imeanza kutoa ile harufu ya kuungua, na mama Dorcas hakuiona kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.

"Naomba kisu," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Dorcas alinipa kisu, akageuka akakimbilia ugali. Mhudumu mmoja akapiga vigelegele na trei ikamponyoka.

Nikaparua samaki. Nikawakaanga. Yeye anasonga, mimi nageuza, na hakuna kilichoungua wala kilichopoa. Wakati wa mchana ulipita, wageni wakaja wengine, hakuna aliyeniambia nimepata kazi wala sijapata, na mimi sikuuliza. Mara moja mama Dorcas alichungulia ukumbini kupitia dirisha la kupitishia sahani, akatazama meza moja kwa muda mrefu. "Wanakula," akasema. "Upepo umekoma au vipi?" Mzee Deo alikuwa amelala kwenye kiti cha nje na kanzu yake inanuka vitunguu.

Majibu ya posa hupita kwa mshenga, na Winnie aliheshimu hilo. Baada ya siku chache mzee alikuja kwetu na bahasha, na mama Bernadetta nyuma yake, kwa sababu alisema hili hawezi kusimuliwa. Tukakaa chumbani wote, Odeta juu ya ndoo iliyogeuzwa. Suzana akafungua. Akatusomea.

*Kwa mshenga. Ua mmeliona na mmelitaja. Wazee wa jikoni wamekaa. Uchumba utakuwa miezi mitatu, na kijana atalipwa tangu siku ya kwanza. Aje na viatu visivyoteleza. Apite mlango wa jikoni. Mkataba atasaini mwenyewe, na akiwa na swali aulize, akishindwa aandike, ila asiandikiwe. Ataanza asubuhi na kurudi kwake jioni. Mshenga akitaka kututembelea tena alete kahawa, lakini atoe taarifa mapema, vitunguu vimekwisha.*

Suzana alisoma "kurudi kwake jioni" mara mbili, ingawa imeandikwa mara moja. Mama Bernadetta alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanaruka. Mzee akaomba barua aione mwenyewe, akaisoma kwa kidole, akasema huyo binti Winnie anaweza kuandika, angekuwa mwanamume angemfundisha ushenga. Mama Bernadetta akamwambia huyo hahitaji kufundishwa na mtu anayetukana samaki wa watu.

"Ngoja," Suzana akanigeukia. "Huko jikoni ulisema nini hasa?"

"Naomba kisu."

"Siku ya kwanza tu?"

"Ya kwanza."

"Mbele ya wanawake wanne?"

"Wanne. Mmoja aliangusha trei."

"Mimi niko na wewe miaka yote hii," akawaambia wageni, "hajawahi kuniomba hata kijiko. Anakitazama tu mpaka nimpe."

Odeta akasema ni kweli, baba hukitazama. Wakaanza kunionyesha ninavyokitazama, Odeta kwa upande mmoja, mama Bernadetta kwa upande mwingine, ambaye hajawahi kula kwetu hata siku moja. Nikaona ni heri nitoke nje. Nilikuwa na simu mfukoni. Kwa kawaida ni Elias anayepiga, lakini miguu ilikuwa myepesi na kifua kimefunguka, nikatafuta jina lake nikabonyeza kabla sijafikiri.

"Kaka, shikamoo," nikasema, na sikungoja aitikie. "Sitakuja. Nimepata kazi hotelini, nakaanga samaki, naingia asubuhi, jioni nalala kwangu na mke wangu na mwanangu. Mbegu mpe mtu mwingine. Chokaa asante. Krismasi njooni ninyi."

Upande wa pili nilisikia ng'ombe wake.

"Wewe ni nani," Elias akauliza, "na simu ya mdogo wangu umeipata wapi?"